Kibao Shingoni Siku ya Wazazi

Siku nne sijaandika humu, kwa sababu kila nikishika kalamu masikio yanawaka moto. Ila shule nzima wameshasimulia wanavyotaka na chumvi wameongeza, basi bora na mimi niseme yangu: nimeaibika, tena nilijitakia mwenyewe.

Shuleni kwetu ni marufuku kuongea Kiswahili au Kishambaa (eti tuzoee Kiingereza, wakati walimu wenyewe huko ofisini wanapiga Kishambaa mpaka madirisha yanatetemeka). Ukikamatwa unavishwa kibao, kipande cha ubao chenye kamba, na unakaa nacho shingoni mpaka umkamate mwenzako umvishe. Anayekutwa nacho Ijumaa jioni, Jumatatu anahutubia mstarini. Mimi nilikipata Jumatano, maana shangazi yangu alipita nje ya uzio na mzigo wa kabichi kichwani, akanisalimia kwa Kishambaa, nikaitikia. Ningefanyaje, nimkodolee macho mtu mzima kama jiwe? Kumbe kiranja yuko nyuma yangu. Na mtu mwenye haya kama mimi akishavishwa kibao ndiyo basi, kwa sababu siongei na mtu, na usiyeongea naye utamkamata saa ngapi?

Madam Ester, mwalimu wa Kiingereza, akanipa mada: maneno ya Kiingereza yanayoeleza kitu kinadumu muda gani, kila neno na mfano wake. "Toa mifano ya maisha yako," akaniambia.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga. Nilijiambia, ukimtoa Madam Ester, ambaye mstarini huwa hafiki, kwani pale nani anaelewa Kiingereza? Wanafunzi wanapiga makofi mtu akinyamaza, basi. Makamu mkuu wa shule, yeye anatikisa kichwa na kusema "very good" hata ukimsomea bei za viazi. Wazazi walikuwa wanakuja kwenye kikao siku hiyo hiyo, nilijua, mama yangu akiwemo, tena alikuwa anakuja kuniombea kitanda bwenini. Kilikuwa kimebaki kimoja, na mgawaji ni Makamu. Mimi natembea masaa mawili kila asubuhi kwenye ukungu na utelezi, nafika soksi zimegeuka udongo. Kitanda kile nilishakiota mpaka rangi ya blanketi. Lakini nikasema, hao wazazi ni watu wa jembe, watajua nini? (Ndivyo nilivyosema, na mimi mwenyewe nina matope ya shambani kwenye kucha.) Basi nikaandika ukweli mtupu.

Jumatatu nikasimama mbele, kibao kinaning'inia kama kengele ya mbuzi. Nikaanza na brief, kitu kinachopita upesi: mfano, sukari kwenye uji wetu. Kimya. Nikaja temporary, cha muda tu: mfano, mapenzi ya kiranja mkuu, kila muhula na msichana wake. Kiranja mkuu mwenyewe akapiga makofi! Nikavimba kichwa. Nikaingia endless, kisicho na mwisho: mfano, hotuba za Makamu, mvua inaanza na kukatika, viazi vinachanua, yeye bado anasema "na la mwisho kabisa".

"Very good!" akasema Makamu.

Hapo ndipo kilipotoka kicheko kwenye benchi la wazazi. Alikuwa Bibi Naomi, jirani yetu, aliyekuja kwa ajili ya mjukuu wake. Huyu alipika miaka mingi nyumbani kwa wazungu wa misheni, na mimi nilikuwa najua, ila nilijua kama unavyojua jina la mtu usiyemjali. Akamgeukia mwenzake, ambaye hasikii vizuri, akamtafsiria yote kwa Kishambaa, kwa sauti ya kuita ng'ombe. Wazazi wakaangua kicheko, halafu wanafunzi nao wakacheka, maana sasa ndiyo walikuwa wameelewa. Mama yangu peke yake hakucheka. Alivuta kitenge akajifunika uso.

Makamu akamsogelea Bibi Naomi. Hasira zote zile, akaanza na "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Hivi nimesikia vizuri? Huyu mtoto amesema nini?"

"Amesema ukianza kuongea huna mwisho. Na si uongo."

Makamu akanigeukia, akanifokea mimi ni mtoto wa nani na nimelelewa wapi, na yote hayo kwa Kishambaa kitupu cha kwao Mlola, mbele ya shule nzima. Mikono yangu ikafanya kazi bila kuniuliza. Ikavua kibao, ikamnyooshea.

"Sheria, mwalimu," nikasema kwa sauti ya panya.

Makamu alikitazama kibao, akanitazama mimi, akamwita mama.

"Huyu ndiye wa kile kitanda?"

"Ndiye, mwalimu. Naomba unisamehe."

"Mwanafunzi wa kutwa," akasema. "Permanent."

Akaondoka, kibao akaniachia mkononi. Hotuba fupi kuliko zote alizowahi kutoa, na akaitoa kwangu.

Tulirudi nyumbani watatu. Mama akamuuliza Bibi Naomi lile neno la mwisho ni nini, na bibi kwa mara ya kwanza siku hiyo akasita kutafsiri. "Ni la kudumu," akasema polepole. Mama hakuniongelesha njia nzima mpaka kwetu Mlalo, na hata leo ananiwekea chakula bila kuniita jina.

Mimi ambaye sisemi na mtu ndiye niliyepaswa kujua kwamba aliyekaa kimya anasikia. Nimeapa sitampima tena mtu kwa matope ya miguuni. Jana asubuhi kiranja alinidaka getini nikimwitikia Bibi Naomi kwa Kishambaa, akaja mbio kunivisha kibao, akakuta ninacho tayari.