Kinu cha Warda na kidonge kisichoyeyuka

"Nitulie vipi, mama? Hebu niambie wewe: kwenye kile kinu ulitwanga nini?"

Saa moja na nusu asubuhi, Kilwa Kivinje. Vitumbua vinaiva kwenye chuma, na Optatus, fundi uashi wa nyumba ya pili, amesimama ng'ambo ya jiko akiwa ameshika karatasi iliyolowa mafuta. Hakutoa shikamoo. Wateja kwenye mabenchi wameliona hilo kabla hawajajua ugomvi unahusu nini.

"Iliki, baba," anajibu Warda Nassibu. "Natwanga iliki. Si mkeo mwenyewe hunisaidia kutwanga?"

"Iliki tu?"

Warda anageuza kitumbua ambacho alikwisha kukigeuza.

"Maana hii," Optatus anaikunjua karatasi, "ndiyo uliyonifungia vitumbua vya jana. Nimeisoma yote. Ni ya dawa. Dawa ya saratani ya tezi dume, inazuia homoni za kiume. Na hapa wameandika wanawake wasiitumie, na mjamzito ndiyo kabisa. Sasa mke wangu Antonia ananiambia kwenye kinu chako alikuwa anakuta unga mweupe chini, akidhani ni mchele, anatwangia iliki juu yake. Na vitumbua vyako anakula kila siku ya Mungu. Ana mimba ya miezi mitano, mama! Ulitwanga nini?"

Tawakali, jirani wa mkono wa kushoto, ambaye habari za Kivinje humfikia kabla hazijatokea, anaweka kikombe chini taratibu.

"Tezi dume? Nani tena ana tezi dume?"

Ndani, nyuma ya pazia, mtu anakohoa. Benchi zima linageuka kutazama pazia.

"Nilitwanga kidonge," Warda anasema, na sauti yake imeshuka hadi wa mwisho benchini anainama ili asikie. "Cha mume wangu. Halafu nikakisuuza kinu. Wallahi nilikisuuza."

Mtu wa kwanza kuondoka aliacha kitumbua nusu kwenye sahani.

Asubuhi hiyo sasa imetimiza mwezi, lakini Warda akiisimulia bado anashusha sauti palepale.

Ana miaka hamsini na minne, na zaidi ya ishirini kati ya hiyo ameitumia mbele ya jiko hilohilo. Kivinje wanamjua kwa mambo mawili. La kwanza ni vitumbua vyenye iliki inayonukia hadi barabarani. La pili ni neno karibu. Hakuna aliyekuwa akipita mbele ya nyumba ile wakati wa kula akaachwa apite hivihivi. Mwalimu, mchuuzi wa samaki, mgeni aliyepotea njia, wote waliitwa. Wengine walikuja kutafuta umbea wakaondoka wameshiba, na wengine walikuja kula wakaondoka na umbea.

"Nyumba ikiwa kimya mimi naumwa kichwa," anasema. "Napenda watu. Mtu akicheka kwenye benchi langu, hata kama hajanunua kitu, mimi nimeuza."

Kabla ya ugomvi alikuwa akitwanga kilo tano za mchele kwa siku. Leo anatwanga moja, na jioni hubaki vitumbua vya kuwapelekea kuku.

Balaa lilianza na koo la mumewe. Kibwana, mwenye miaka sabini, alifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi mpaka mgongo ulipokataa. Mwaka huu alianza kuamka mara kwa mara kwenda msalani, na mkojo unatoka kwa matone. Vipimo vikampeleka hospitali Lindi, na huko akaambiwa ana saratani ya tezi dume. Akapewa vidonge vyeupe vidogo, kimoja kwa siku, pamoja na sindano ya kurudia kila baada ya miezi kadhaa.

"Aliniambia, 'Hii iwe yetu wawili,'" Warda anakumbuka. "Nikamwambia sawa. Na mimi kunyamaza unajua ninavyoumia! Lakini hili nilinyamaza."

Tatizo ni kwamba Kibwana hajawahi kumeza kidonge tangu azaliwe.

"Huyu mwanaume alivunjika mguu kule kwenye chumvi, hakutoa sauti. Lakini mpe Panadoli, anakutolea macho kama umempa jiwe."

Kwanza Warda alikitia kidonge kwenye glasi ya maji. Kilimeguka, kikawa unga, unga ukatua chini kama chokaa. Akakoroga sana, lakini maji yalibaki maji na unga ukabaki unga. Kibwana akanywa maji, dawa ikabaki kwenye glasi. Ndipo Warda alipochukua kinu kidogo cha mti, alichoachiwa na mama yake aliyekuja nacho kutoka Rondo, akakitwanga kidonge hadi kikawa laini, akakichanganya na asali. Mzee akalamba kijiko kama mtoto. Wakafurahi, na siku ya pili wakafanya vilevile.

Karatasi ya maelezo iliyokuwa kwenye boksi aliitupia kwenye kapu la karatasi za kufungia vitumbua, pamoja na magazeti ya zamani na mitihani ya wanafunzi. Imeandikwa Kiingereza, herufi kama chawa. "Niliona ni karatasi safi," anasema. "Nani angesoma?"

Optatus alisoma. Aliwahi kuwa mlinzi kwenye hoteli ya wageni Masoko, na Kiingereza hakimpigi chenga sana.

Siku ileile ya ugomvi, Warda alimpigia simu Salome, mfamasia aliyewapa dawa. Alipiga akiwa uani kwa Antonia, sauti imefunguliwa ili wote wasikie, Optatus ameegemea mlango mikono kifuani.

"Ulikisuuza kinu na nini?" Salome aliuliza.

"Na maji."

"Ni kinu cha nini? Chuma?"

"Cha mti."

"Mama, dawa hii haiyeyuki kwenye maji. Maji yanaihamisha tu. Kama kinu ni cha mti kina nyufa, na kwenye nyufa ndiko itakuwa imekaa."

Warda alikaa chini palepale kwenye mchanga wa uani kwa watu. Antonia ndiye aliyemletea maji, mkono mmoja umeshika kikombe na mwingine umeshika tumbo.

Salome amelieleza gazeti hili vilivyomo ndani ya kidonge hicho kidogo. Kuna dawa yenyewe, unga mweupe usiopatana na maji. Kuna laktosi, yaani sukari ya maziwa, ya kukipa mwili. Kuna povidoni inayoushikilia unga pamoja kama gundi, na wanga unaokisaidia kumeguka kikifika tumboni. Kuna magnesiamu stiarati, aina ya mafuta makavu, ili unga usigande kwenye mashine. Juu yake kuna utando mwembamba uliotiwa titani dioksaidi, ndiyo inayokifanya kiwe cheupe.

Majina hayo Tawakali alikwishayapata na kuyasambaza kwa namna yake. Mtaani ikasemwa kuwa Warda anawalisha watu rangi ya ukutani.

"Ni kweli imo kwenye rangi," Salome anasema, "na imo kwenye dawa za meno pia. Utando si wa kuogopwa, ni rafiki yenu. Kidonge kikiwa kizima, utando unafunika dawa isiguse mikono ya mtu mwingine. Ukikitwanga umeuvua, na dawa inakwenda popote unga unapokwenda."

Na dawa yenyewe inafanya nini? Salome anatumia mfano wa barazani. Saratani ile hula homoni ya kiume. Homoni huingia kwenye seli kama mgeni anayetafuta kiti. "Dawa haimfukuzi mgeni. Inatangulia kukalia viti. Mgeni anafika, anakuta pamejaa." Kwa Kibwana hiyo ni tiba. Kwa mtoto wa kiume aliye tumboni, ambaye anaihitaji homoni hiyohiyo ili maumbile yake yakamilike, ni jambo jingine kabisa. Ndiyo maana ya onyo lile kwenye karatasi.

Je, Antonia na mtoto wamedhurika?

"Kilichobaki kwenye nyufa ni kidogo mno, na kikaenda kugawanyika kwenye sufuria nzima ya unga," Salome anajibu. "Sidhani kama kimefika kwa mtoto. Lakini sidhani si sawasawa na najua, na mjamzito siwezi kumdanganya. Nilimwambia aende kliniki, aseme kila kitu, asione haya."

Antonia alikwenda, na Optatus akaenda naye. Kipimo kilionyesha moyo unadunda vizuri na mtoto anakua kwa umri wake. Daktari alisema watamfuatilia kwa karibu, ila jibu kamili litapatikana siku ya kuzaliwa. Alipowauliza kama wanataka kujua ni wa kike au wa kiume, Optatus alitoka nje.

"Akisema wa kike, nitapumua," anasema kijana huyo, akichokonoa saruji iliyokauka kwenye kucha. "Akisema wa kiume, nitaishi vipi miezi yote iliyobaki? Bora nisijue. Simchukii mama Warda. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea mke wangu vile vitumbua, vya moto, nimevifunga vizuri. Mkono wangu mwenyewe."

Kinu nacho kilikuwa na safari yake. Warda alitaka kukichoma moto, Salome akamkataza, moshi usije ukaleta mengine. Akaambiwa akifunge kwenye mifuko miwili akipeleke hospitali, kikateketezwe pamoja na dawa zilizoharibika. Basi kinu cha mama yake kikapanda basi la Lindi, kimepakatwa. Kondakta akauliza, "Mama, umebeba nini hicho unakikumbatia hivyo?" Warda akamjibu, "Mgonjwa."

Anacheka akilisimulia hilo, kisha anajifuta macho kwa ncha ya kanga. Kinu kipya ni cha shaba, kinalia kikipigwa kama kengele ya shule, na iliki yake anasema haijapata kunukia kama ile ya zamani.

Adhuhuri imepita, chakula cha mchana kimeiva. Ni wali na mchuzi wa nazi wa samaki aitwaye taa. Lakini kwanza dawa. Kibwana amekaa kwenye mkeka, kidonge kiko juu ya kijiko cha uji mzito uliopoa. Ndiyo njia aliyofundishwa na Salome: kidonge kizima, hakivunjwi, hakitafunwi.

"Usikifikirie," Warda anamwambia.

"Nisikifikirie vipi na wewe umenikodolea macho?"

Anafumba macho, anakimeza. Mishipa ya shingo inamsimama.

"Kimeshuka?"

"Kimeshuka."

"Fungua mdomo."

"Ala! Mimi mtoto?"

"Fungua, mzee."

Anafungua. Hakuna kitu. Warda anashusha pumzi kama aliyetua ndoo, kisha ananawa mikono yote miwili kwa sabuni, kwanza mara moja, halafu tena.

Kibwana anasema ugonjwa wake ulipotangazwa mbele ya jiko alitaka kuhama mji. Siku tatu hakwenda hata msikitini. Lakini limetokea jambo ambalo hakulitazamia. "Wanaume wanakuja. Mmoja mmoja, wanajifanya wanatafuta kiberiti. Akikaa kidogo ananiuliza, 'Hivi, kaka, wewe mkojo ulianzaje?' Nawaambia waende wakapimwe, wasingoje kama mimi. Wawili wamekwenda."

Warda hajafika kwenye utulivu huo. Anataka mabenchi yake yajae tena, anataka kilo zake tano. Zaidi ya hayo anataka kitu kimoja ambacho hakiuzwi. "Nangoja mtoto wa Antonia. Akizaliwa salama, nitapika vitumbua vya mtaa mzima, bure, wakila wasile. Mpaka siku hiyo mimi sina usingizi. Nikisikia mlango wao umefunguliwa kwa haraka, moyo unanilipuka."

Na neno lake la karibu? Anatazama kando. Tangu siku ile hajamwita mtu. Anaogopa kuitikiwa kwamba wameshiba.

Anapakua wali. Ndipo Optatus anapotokea kwenye pembe ya ua, ndoo ya mchanga mkononi, anarudi kazini. Kwa mwezi mzima amekuwa akipita hapo bila kugeuza shingo. Leo anapunguza mwendo. Anasimama.

"Shikamoo, mama."

Upawa unabaki hewani.

"Marahaba, baba," Warda anaitikia, karibu asisikike. "Antonia kaamkaje?"

"Hajambo. Mtoto anacheza sana. Leo tangu asubuhi anapiga mateke."

"Alhamdulillahi."

Optatus anaihamisha ndoo kutoka mkono huu kwenda mkono ule. Warda anachukua sahani nyingine kwenye kapu, anaitazama kwanza upande huu na upande ule, anaipangusa kwa kanga, anaiweka mkekani.

Kibwana ndiye anayesogea kando, anaupigapiga mkeka kwa kiganja.

"We Optatus, unatusimamia uani kama mdai? Weka ndoo yako chini, mwanangu, nawa mikono. Karibu tule."