Ramani Mbili za Kanyangi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kiti kisicho na mgongo, kompyuta iliyonguruma kama kinu cha posho, na ramani kubwa kiasi kwamba kompyuta yenyewe ilikuwa ikikwama kila nilipojaribu kuifungua. Mkuu wa Kitengo cha Ramani, Bwana Mutinda, alisimama nyuma yangu. Alikuwa mtu mrefu asiyeweza kukaa, na hata chai aliinywa akitembea.

"Madam Kalekye," aliniambia, "hiyo ni Kitui yote na Makueni yote. Nataka iingie humu."

Akaweka mezani kifaa cha GPS cha kushika mkononi, ukubwa wa kipande cha sabuni.

"Itaingiaje?" nikauliza.

"Hiyo ndiyo kazi yako." Akatoka na kikombe chake.

Ninyi mlio na simu zinazoonyesha dunia nzima mtacheka. Lakini vifaa tulivyoletewa, vya madereva wa ambulensi na wa malori ya maji, vilikuwa na kumbukumbu ndogo, na huko tulikovipeleka hakukuwa na mtandao wa kutegemea. Ramani nzima ilibidi ikae ndani ya kadi ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Mimi nilikuwa nimetoka ofisi ya ardhi, nimezoea kuchora mipaka ya mashamba kwa kalamu. Nikajifunza upya nikiwa mtu mzima mwenye watoto shuleni.

Niwaeleze ilivyofanywa. Ramani kubwa hukatwa vipande vya mraba, kwa sababu kifaa kidogo hakiwezi kusoma yote kwa pamoja; dereva anaposonga, kinafunga kipande kimoja na kufungua kingine. Baada ya kukata, unapunguza. Barabara iliyopinda imechorwa kwa nukta nyingi, nawe unatoa zile ambazo jicho halitazikosa. Kisha unapanga matabaka: dereva akitazama kutoka mbali aone lami peke yake, akikaribia aone barabara za vumbi, akikaribia zaidi aone njia za mashambani. Mwisho unaunganisha. Barabara mbili zinazokutana lazima zishiriki nukta moja pale zinapogusana. Zikipishana hata kwa nafasi ya unyayo, jicho litaona njia panda, lakini kifaa kitaona ukuta, na kitamzungusha dereva nusu ya wilaya kumtafutia njia nyingine.

Hapo ndipo usingizi wangu ulipoanza kuwa mwepesi. Mtu akichora nyumba vibaya, nyumba inaanguka na kila mtu anaona. Barabara isiyoungana inakaa kimya, mpaka siku mtu aitumie. Nilikuwa nikiosha vyombo nyumbani naacha maji yakimwagika, nikijiuliza kama niliunganisha ile ya kwenda Zombe.

Na Zombe ndiko tulikofanya majaribio. Dereva wetu wa majaribio alikuwa Abdi, kijana wa familia ya wafanyabiashara wa mifugo waliohamia kutoka kaskazini-mashariki. Alizaliwa hapo Zombe na Kikamba chake kilikuwa kizuri kuliko cha watoto wangu. Alikuwa dereva wa ambulensi. Mimi nilikaa kando yake na kifaa mapajani, naye akapinga kila kitu.

"Kinasema kata kushoto. Kushoto ni kwa Mzee Kilonzo, ni zizi la mbuzi!"

"Simama basi niandike."

"Madam, tukisimama kila mahali tutafika lini?"

Hatukufika mapema siku yoyote. Lakini ile ramani ilianza kufanana na nchi.

Shida ikawa uzito. Kila tulichoongeza kiliifanya kadi ijae, na Bwana Mutinda akatoa amri: njia yoyote ambayo gari halijapita kwa muda mrefu itolewe. Nilipinga, naye alinisikiliza mpaka mwisho, maana hakuwa mtu wa dharau.

"Ukinionyesha mahali pa kuziweka, nitaziacha," alisema. "Unapo?"

Sikuwa napo. Tukazitoa pamoja, yeye akitaja na mimi nikifuta. Katika ramani kubwa ya ofisini zilibaki. Katika vifaa hazikuwepo.

Mvua za mwaka huo zilikuja kwa vishindo. Alasiri moja simu ya ofisi ililia, na alikuwa Abdi. Alikuwa chini ya Kanyangi akiwa na muuguzi na mama aliyekuwa na uchungu wa kujifungua tangu jana yake, mtoto akiwa amekaa vibaya. Mama huyo alitakiwa kufika hospitali kuu Kitui apasuliwe. Mbele yao kulikuwa na mto wa mchanga, ile mito yetu ambayo mwaka mzima unaivuka kwa miguu mikavu, na juu yake kivuko cha saruji ambacho madereva hukiita drifti.

"Kifaa kinaniambia nipite," Abdi alisema. "Lakini drifti siioni. Maji yameifunika, yanabeba miti. Madam, kuna njia nyingine?"

Nyuma yake nilisikia mwanamke akilia kwa sauti ya chini. Ilikuwa kama amechoka hata kulia.

Niliifungua ramani kubwa. Kompyuta, kama kawaida yake, ikachukua muda wake. Bwana Mutinda alikuja akasimama nyuma yangu. Tuliiona wote wawili: njia ya ng'ombe ya zamani iliyofuata ukingo wa mto kwenda juu, bila kuuvuka, mpaka ikatokea kwenye lami karibu na daraja kubwa. Ilikuwa mojawapo ya zile tulizotoa.

"Asiende huko," Bwana Mutinda alisema. "Haijapimwa upya miaka mingi. Akikwama kule porini hakuna atakayemwona. Angoje maji yapungue."

"Mama hawezi kungoja."

"Na kama haipo tena?"

Aliuliza swali la haki. Nikamwambia Abdi yote mawili, kwamba njia ipo kwenye ramani na kwamba hatujui kama ipo ardhini. Nikamsikia akimuuliza muuguzi, muuguzi akamjibu kwa ukali, kisha akanirudia.

"Nielekeze."

Nikamwelekeza kwa simu, pinda hapa, nyoosha, utaona mwamba mkono wa kulia. Kila aliposema "nimeuona" nilivuta pumzi. Halafu akasema, "Kuna ua."

Njia ilikuwa imezibwa kwa miti ya miiba na waya, na nyuma ya ua kulikuwa na shamba la pojo. Kabla sijajua niseme nini nilisikia sauti ya mwanamke mzee ikifoka kwa Kikamba, kwamba atakayegusa ua wake atalala hapo. Abdi hakujibizana. Alimwita mwaitu, mama, kwa unyenyekevu, akamwomba aje tu atazame ndani ya gari.

Simu ilibaki wazi. Nilisikia mlango ukifunguliwa. Kisha yule mzee akaita majina ya watu, na panga zikaanza kulia, na ilikuwa ni ua wake mwenyewe unaokatwa. Gari lilipita juu ya pojo zake.

Mtoto alizaliwa kwa upasuaji jioni hiyo, msichana, na mama yake akapona. Abdi alipotupigia kutuambia, Bwana Mutinda alikaa chini. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona akitumia kiti.

Hapo ningependa kuwaambia kwamba nilitulia. Sikutulia. Wiki iliyofuata tulikwenda Kanyangi, mkuu wangu na mimi, kumshukuru yule mzee na kuipima njia ili tuirudishe kwenye vifaa. Jina lake lilikuwa Mama Nduku, mjane, shemasi katika kanisa la pale kijijini. Alitukaribisha kwa isyo, mahindi na maharagwe, akatuacha tule. Nilipotoa vifaa vya kupimia akauliza ni vya nini. Nilimweleza.

"Hapana," akasema.

"Mama, ni kwa ajili ya wagonjwa."

"Mgonjwa akija nitafungua. Nilifungua, sikufungua? Lakini unajua ule ua niliuweka kwa nini?" Akatuonyesha mto kwa mkono. "Malori ya mchanga. Yalikuwa yanapita hapa yakichota mchanga unaotunza maji, mpaka kisima cha shule kikakauka. Ninyi mkiichora, yatarudi. Kila mwenye kifaa ataona kuna barabara ya kwenda mtoni kwangu."

Nilitazamana na Bwana Mutinda. Mama Nduku alikuwa amesema kweli. Ramani zetu tulizitoa kwa yeyote aliyezihitaji, na hilo lilikuwa jambo la kujivunia ofisini.

Njiani kurudi tulibishana mpaka sauti zikakauka. Mimi nilitaka ramani mbili: ya ambulensi ikiwa na njia ile, na ya watu wengine wote bila hiyo. Yeye hakutaka.

"Ramani inayoficha njia ni uongo, Kalekye."

"Na inayoleta malori kwa mjane ni nini?"

Alikunja uso akatazama nje. Kesho yake asubuhi alikuja na kikombe chake, akasema, "Fanya mbili. Lakini urudi ukamwambie, asisikie kwa watu."

Nilirudi. Mama Nduku alinisikiliza, akaniuliza kama naweza kumwapia kwamba ile ya ambulensi haitatoka nje. Nilimwambia siwezi kuapa, ila nitafanya kila niwezalo. Akasema ataweka lango mahali pa ua, ufunguo ukae kwake, na nichore.

Miaka ikapita. Bwana Mutinda alihamishwa, wakaja wakuu wengine. Mmoja alikuwa Mkurugenzi Msaidizi aliyetaka kila kitu kwenye simu, na kwa hilo alikuwa sahihi. Vifaa vya mkononi vilianza kulala kwenye makabati. Mimi nilipelekwa Emali, kwenye ofisi ndogo karibu na stesheni, kutengeneza ramani za simu ambazo hufanya kazi hata pasipo mtandao. Kukata vipande, kupunguza nukta, kuunganisha. Vyombo vilibadilika, kazi haikubadilika.

Emali ni mji wa malori. Siku moja nilikuwa nakula hotelini, na dereva wa meza ya pili akamwonyesha mwenzake njia kwenye simu yake. Niliijua ile ramani kabla sijaisogelea. Mtu hujua mwandiko wake. Nikamwomba niitazame. Nilisogeza kwa kidole mpaka Kanyangi, nikaikuza, nikaikuza tena, na ule mstari mwembamba ulikuwa pale, ukifuata mto hadi kwenye lango la Mama Nduku.

"Uliitoa wapi hii?"

"Kila mtu anayo, mama. Tunapeana tu."

Chakula kilinishinda. Asubuhi nilipanda gari kwenda Kanyangi, na njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kumwambia nikiyafuta.

Nilimkuta akipepeta pojo. Alikuwa amezeeka, mgongo umepinda, lakini alinijua. Nilimwambia yote nikiwa bado nimesimama. Alinisubiri nimalize.

"Yalikuja," akasema. "Mawili. Mwaka jana."

"Yakafanya nini?"

"Nilipiga simu kwa wamama wa kanisa. Tulikuja na viti, tukakaa njiani, tukaimba. Dereva alipiga honi mpaka akachoka. Yalirudi nyuma." Aliendelea kupepeta. "Na ambulensi imepita mara ngapi sijui. Yule Abdi wako bado anakunywa chai hapa."

"Nifute ule mstari?"

Aliweka ungo chini akanitazama kama ninavyotazama vijana wanaouliza mambo yaliyo wazi.

"Ukiufuta kwenye yako, utaufuta kwenye simu ya yule dereva? Uache. Wagonjwa wapite. Hayo malori ni kazi yetu."

Nilistaafu nikiwa Emali. Walinipa keki na saa ya ukutani, na mkuu wa mwisho, msichana aliyeweza kuwa binti yangu, akasema nimeacha kazi iliyokamilika. Nilitabasamu. Lakini kati ya hotuba mbili mvua ilikuwa ikipiga paa, na mimi nilikuwa nawaza ni drifti gani inaondoka wakati tunakata keki.

Watu huniambia nipumzike. Nina shamba huku Makueni, nina maembe na kuku, na wajukuu huja likizo. Napumzika asubuhi nikashindwa ifikapo mchana. Nikisafiri natazama simu ya dereva kuliko ninavyotazama nje, na jina la kijiji likiandikwa vibaya nampigia binti wa ofisini, naye hunijibu kwa adabu kwamba atalishughulikia. Hulishughulikia kweli. Ni kijana mzuri.

Juzi nilisikia greda likinguruma nyuma ya shamba la jirani. Nilikwenda nikalikuta likifungua barabara mpya kwenye vichaka, udongo mwekundu ukiwa bado unanukia. Nikampungia dereva mkono, akazima injini.

"Inaelekea wapi?" nikamuuliza.

"Mimi nimeambiwa ninyooshe tu, mwaitu. Mwisho wake siujui."

Aliwasha tena akaendelea. Nilisimama kidogo nikitazama ule mstari ambao haukuwa kwenye ramani ya mtu yeyote. Nyumbani nilikuwa nimeacha maharagwe jikoni. Nikampigia mjukuu simu ayaepue, nikafunga leso kichwani, nikaanza kutembea nyuma ya greda.