Mgeni Aliyekataa Kuzama

Asubuhi ile Nyakundi alimkuta samaki akielea chali, tumbo likitazama mabati, na hakujua kama apige simu au achimbe kaburi. Aliinamia tangi la kioo akachungulia. Mashavu ya samaki yalikuwa yakifunguka na kujifunga. Basi hajafa. Lakini huyu ni mzima wa namna gani, anayeogelea miguu juu, naye miguu hana?

Nyakundi ni mkulima wa chai wa huku Gesima, mgane tangu mwaka jana. Binti yake, Linda, ana kazi ya ofisi mjini Kisii, na tangu mazishi ya mama yake alikuwa na wimbo mmoja tu: Tata, yaani baba, ahamie kwake mjini, kwa sababu mwanamume mzee hawezi kujitunza peke yake. Nyakundi alikataa. Majani ya chai angemwachia nani? Na mkewe Kwamboka amelala pale nyuma ya migomba. Walivutana hata Linda akaleta tangi hilo na samaki wa rangi ya chungwa, akasema, nusu mzaha, "Tata, ukimtunza huyu mpaka Krismasi, sitakuambia tena habari ya kuhama."

Nusu ya mzaha Nyakundi hakuisikia. Kwake yalikuwa mapatano: samaki akifa, yeye amekwenda Kisii. Na Jumapili Linda alikuwa anakuja.

Alikuwa amempa samaki jina la Omogeni, yaani mgeni. Na katika nyumba ile mgeni haulizwi kama ana njaa, anawekewa. Linda aliacha kopo la chakula, akaagiza kadiri ya kucha moja kwa siku. Nyakundi aliona ni uchoyo wa watu wa mjini. Kiumbe kinafungua mdomo na kuufunga kutwa kucha, kama si kuomba ni nini? Akawa anamwongezea punje za ugali wa wimbi. Roselyne, jirani anayemletea mboga kila jioni, naye alimega chake akatia. Kina mama wanaochuma chai wakiingia kunywa maji, hawakutoka bila kumwachia kipande cha mkate. Omogeni akanenepa, akasifiwa na kila aliyepita, na Nyakundi naye akasifiwa.

Sasa huyu hapa, chali.

Jambo la kwanza alilofanya ni lile ambalo mtu yeyote wa kwetu angelifanya: mgonjwa hupewa chakula. Akamtilia ugali laini. Omogeni akaula akiwa vilevile chali, na tumbo likazidi kutuna. Nyakundi akavaa kofia, akaenda Nyaramba kwa Ombui, mwenye duka la dawa za mifugo, akamweleza habari ya samaki.

"Imevimba tumbo?" Ombui aliuliza.

"Imevimba."

"Na inakula?"

"Inakula kushinda mimi."

"Basi hiyo ni gesi, mzee. Ng'ombe ikivimba hivyo si unajua unaipea nini?"

Nani asiyejua? Mafuta ya kupikia. Nyakundi alirudi akijilaumu kwa kutofikiria mwenyewe. Lakini ng'ombe unamshika pembe ukamnywesha kwa chupa, samaki unamshika wapi? Akaamua kumimina kijiko kimoja majini, anywe kwa hiari yake. Mafuta yakatanda juu ya maji, palepale Omogeni alipokuwa akielea, sasa akang'aa kama andazi kwenye karai. Nyakundi alishinda akiyaopoa kwa gazeti, jasho likimtoka, asijue tena kama anamtibu au anampika.

Kulikuwa na mtu mmoja wa kuulizwa tangu mwanzo, Machogu, aliyemuuzia Linda samaki huyo. Nyakundi alikuwa akimkwepa kwa hofu kwamba angemwambia Linda. Sasa hofu ya kumpoteza samaki ilizidi hiyo: akampigia simu.

"Usimwambie binti yangu," ndivyo alivyosalimia.

Machogu alimsikiliza mpaka mwisho, mafuta na yote, na kwa heshima ya umri hakucheka. "Mzee, ndani ya samaki kuna kifuko cha hewa. Ndicho kinamsimamisha kwa maji. Tumbo likijaa sana linakifinya, anapinduka. Badilisha maji. Halafu usimpe chakula siku mbili."

"Mgonjwa?"

"Usimpe kitu. Siku ya tatu chemsha punje moja ya minji, yaani njegere, toa ganda, umpe nyama yake kidogo."

Nyakundi aliitazama simu baada ya kukatika. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe, lakini hata hao hawakusema siku mbili za kwanza umlaze njaa. Hata hivyo alibadilisha maji, akaficha kopo juu ya kabati. Jioni Roselyne alipokuja, tayari na tonge kati ya vidole, akamzuia mkono.

"Kwani imekosea nini?" Roselyne aliuliza.

"Haijakosea. Ni dawa."

"Njaa ni dawa?"

Roselyne aliweka mboga mezani akaondoka bila kuaga vizuri. Nyakundi akaketi kula, na Omogeni, chali, akafungua mdomo na kuufunga. Akafunika sahani. Kanisani kwao, kwa Waadventista, alikuwa amefunga kwa ajili ya wagonjwa wengi, lakini kwa samaki, hakujua kama ni ibada au ni wazimu. Kesho yake pia hakula, alikunywa chai ya rangi tu, na Roselyne alipoona sahani yake ya jana haijaguswa, alimpigia Linda simu: baba yako amemnyima samaki chakula, naye mwenyewe hali, njoo umwone.

Linda hakungoja Jumapili. Alifika Ijumaa na begi kubwa tupu, la nguo za baba yake. Alimkuta mezani akimenya minji moja kwa kisu.

"Tata! Huyu samaki ana njaa," alisema, mkono tayari juu ya kabati, keshaliona kopo.

"Mwache." Hakuwahi kumwambia neno kwa sauti ile. "Alishiba ndiyo akaugua. Sote tulimshibisha."

Akadondosha kile kipande cha kijani. Omogeni akakimeza. Linda alikwenda jikoni, akakuta jivu baridi na sahani zilizofunikwa, akarudi macho yamelowa.

"Na wewe, ni nani alikuambia usikule?"

"Hakuna. Ningekulaje, na mgonjwa wangu analala njaa hapa mbele yangu?"

Linda aliwasha moto, akapika ndizi, akaketi naye mpaka akamaliza. Alasiri mkia wa Omogeni ulianza kushuka. Akalala ubavu, akajaribu, akaanguka, akajaribu tena, kisha akasimama majini, ameinama upande kidogo kama mlevi, lakini tumbo chini. Nyakundi alilia waziwazi, na hakuona haya.

Linda alipoondoka lile begi lilikuwa limejaa mikungu miwili ya ndizi, na nguo za baba yake zilikuwa bado msumarini. Mlangoni alipishana na Roselyne, aliyeshika mboga mkono huu na tonge mkono ule.

"Usimpe kwanza, Mama," Linda alisema. "Muulize Tata."