Minza, Mtani Aliyenifundisha Kuchagua Kiko

Siamini bado. Jumapili mchana nilipiga namba ya Minza kama kawaida, kumuuliza kesho yuko shift gani. Akapokea mdogo wake. "Kaka, dada hatunaye." Nikamuuliza ameenda wapi. Jamani, nilimuuliza kabisa ameenda wapi.

Kwa ambao hamkumjua: Minza alikuwa opereta wa kreni pale bandari kavu ya Isaka. Kontena zima alikuwa analiweka juu ya lori kama mtu anayepanga vikombe kabatini. Mimi nipo ofisi ya clearing, tunashughulikia makaratasi ya mizigo, upande wa pili wa uzio.

Yeye Msukuma wa Kharumwa, mimi Mzaramo wa Kisarawe. Watani. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza hatukuwahi kuongea kwa adabu.

Wengi wenu mmekuwa mkiniona kwenye picha humu na kiko mdomoni mkidhani ni swaga tu. Mwanzoni ilikuwa swaga kweli. Niliagiza kiko mtandaoni, kikubwa, cheusi, kinang'aa kama kiatu cha bwana harusi, na kopo la tumbaku yenye harufu ya vanila.

Siku ya kwanza nilikaa nje ya geti, kwenye benchi la mama ntilie, maana ndani ya yadi moto ni marufuku. Nikavuta kama ninavyovuta soda kwa mrija. Ulimi ukaungua hadi machozi yakanitoka.

Minza alikuwa pembeni anakula ugali na dagaa. "Mtani, hicho ni kiko au umeng'oa eksozi ya lori la watu?"

Akanawa, akafungua begi, akatoa kiko chake. Mwanamke, ovaroli, reflekta, na kiko mdomoni. Guys, benchi zima likageuka.

Dereva mmoja akasema kwao mwanamke akivuta kiko ni nuksi. Minza hakupandisha sauti. "Bibi yangu alivuta mpaka anazeeka. Na wanaume wa kijijini walikuwa wanakwenda kwake kuomba moto." Dereva akarudi kwenye wali wake.

Kesho yake akaniletea kiko cha udongo, kidogo kama cha kuchezea. Akasema hicho ni cha kuonjea. Udongo haubaki na ladha ya jana, kwa hiyo tumbaku usiyoijua ianzie humo, ikuambie yenyewe ikoje.

Tumbaku ya mvuke, ile ya njano wanayolima Ushetu, ina utamu wake na inawaka kwa pupa. Hiyo akaipa kiko chembamba chenye tundu refu. "Vuta taratibu, kama unaonja uji wa moto. Ukiwa na haraka, rudi kwenye sigara."

Tumbaku ya moshi, nyeusi, inanukia kama jiko la kuni asubuhi. Hiyo ikapata kiko kifupi, mdomo mpana. "Hii inataka nafasi, ukiibana inakununia."

Na vanila yangu je? Alicheka sana. "Ipe hicho kidude chako cheusi, na humo usitie kitu kingine tena. Harufu hiyo haitoki." Nilibisha, nikajaribu. Haikutoka.

Nikamuuliza, je, nikikutana na tumbaku ambayo hujanifundisha? "Utakosea tu. Ulimi utakusema."

Mvua zilipokatika akaenda kliniki, akaambiwa presha iko juu, aachane na moshi. Akaacha siku ileile. Akaja na viko vyake vyote amevifunga kwenye kipande cha kanga, akaniwekea mapajani. "Mimi nina watoto wawili, mtani. Hivi vina wewe."

Nikamwambia basi na mimi naacha, nisikutamanishe. "Kila mtu na daktari wake. Ila kaa upande ule, upepo usiniletee."

Tukaendelea kukaa hivyo. Ananusa tumbaku yangu kabla sijawasha, ananyoosha kidole kwenye kiko kinachofaa, halafu anarudi kwenye chakula chake. Na kila mara: "Na wewe umepima lini?" Nikawa napotezea. Siku yake ya off akanifuata ofisini, akaniombea ruhusa kwa supervisor wangu bila kuniuliza, akanipeleka kliniki mwenyewe.

Jumapili alfajiri kiharusi kikamkuta nyumbani kwake.

Mtaniuliza kama ni tumbaku. Sijui. Daktari hakusema ndiyo, hakusema hapana. Mimi sijawasha chochote tangu siku hiyo, na sijajua kama nitawasha.

Jana tumemzika Kharumwa. Mnajua msibani mtani kazi yake ni kuwachekesha wafiwa. Njia nzima nilikuwa napanga vituko. Nilipowaona wanawe, vyote vikayeyuka. Nikakaa chini, nikalia.

Mama yake akaja akasimama mbele yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye yule Mzaramo wa viko?"

"Ndiye mimi, mama."

"Umetoka kote huko kuja kulia? Kulia ni kazi yetu sisi. Simama ufanye yako."

Nikasimama. Nikafuta uso, nikawaambia waombolezaji kwamba huyu ndiye Msukuma pekee duniani aliyewahi kumpa mtu urithi usio na pembe wala kwato.

Mama ndiye aliyeanza kucheka. Halafu uwanja mzima. Mwanawe mkubwa alicheka huku ameng'ang'ania mkono wangu, na hakuuachia mpaka tumemaliza.

Minza, kule Kharumwa nilisema ya watu. Hapa nasema na wewe, hawa wengine wanapita tu. Ulinifundisha kutokuwa na haraka, ukanipeleka kupima nilipokuwa naogopa, na ulipoambiwa uache ulichokipenda, uliacha bila kumlaumu mtu. Wabeja. Kisukuma changu kinaishia hapo kwenye asante.

Lala salama, mtani wangu. Leo sikutanii.