Injini Mpya ya Lori la Zamani

"Mchezo ukishakufa, juu ya nini usitengeneze mwingine mupya?"

Kaka yangu aliniuliza hivyo akiwa amekaa mlangoni mwa duka la vitenge la mama, hapa Kamembe, mpakani mwa Rwanda na Kongo, bado ana vumbi la saruji kwenye kope. Anaendesha lori la mizigo kutoka Muganza, na kila akipita mjini husimama kunywa chai na kunitania. Mimi nilikuwa na kompyuta magotini, na kwenye skrini yake safu za tarakimu zisizo na maana kwa mtu yeyote, mimi nikiwemo. Nimesoma chuo kikuu. Nimezoea kuwauliza wengine kwa nini wanaamini wanachoamini, na mara nyingi hawanipendi kwa hilo. Siku ile niliulizwa mimi. Nikamwambia anywe chai yake kabla haijapoa.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa lori. Unapakia mzigo kwenye ghala, unavuka daraja, unapanda mlima mmoja baada ya mwingine, na ukikosea kona unaporomokea bondeni. Ulikuja ndani ya kompyuta kubwa ya mezani ambayo mama aliinunua Bukavu, mtumba, ili awe anachapishia wateja fakitire, zile ankara za mauzo. Fakitire ziliendelea kuandikwa kwa mkono. Kompyuta ikawa ya lori.

Mama aliucheza na rafiki yake, mfanyabiashara wa Bukavu aliyevuka mpaka kila asubuhi kuuza viatu vya watoto kwenye meza iliyo mbele ya duka letu. Sisi tulimwita Maman tu. Mchezo uliundwa kwa mtu mmoja, lakini wao waliendesha lori moja wakiwa wawili, bega kwa bega kwenye benchi. Mama alishika vitufe vya kushoto na kulia. Maman alishika mafuta na breki. Mama ni mtu wa msikitini, Maman ni mtu wa kwaya, na sijaona watu wengine wakigombana kwa raha namna ile.

"Kona, Maman."

"Nimeiona."

"Umeiona na bado unakanyaga?"

"Weye shika usukani yako. Miguu ni ya miye."

Mlima wa mwisho sikuwahi kuwaona wakiuvuka. Nimekua nikiliona lori likipinduka palepale, kwenye kona ya juu kabisa, na wale wawili wakipiga makofi ya kulaumiana huku wateja wakisubiri.

Halafu msimu mmoja wa mvua bati la duka likavuja usiku kucha, na asubuhi kompyuta haikuwaka tena. Haukupita muda mrefu, Maman akatuambia binti yake wa Kigali ana mimba, naye atahamia huko kumlea mjukuu. Ataondoka mwisho wa mwezi unaofuata. Mama alisema, "Ni jambo ya furaha," akaanza kupanga upya vitenge ambavyo vilikuwa vimepangwa tayari.

Nikaamua kwamba kabla Maman hajapanda basi, wale wawili watauvuka ule mlima wa mwisho. Hakuna aliyeniomba.

Diski ya kompyuta ilikuwa imepona, nikanakili mchezo wote. Lakini kompyuta yangu ya sasa iliukataa. Haikuelewa hata uanze vipi. Nikajaribu zile programu zinazoiga kompyuta za zamani. Mchezo ulifunguka, ukapiga muziki wake, ukajifunga. Nikajaribu tena, ukapiga muziki, ukajifunga. Mama akauliza kama nimeamua kuwa redio.

Ikabaki njia moja, kuandika injini upya. Mchezo wa kompyuta ni kama lori lenye mzigo. Mzigo ni picha, ramani na sauti. Injini ni ile programu inayouchukua mzigo huo na kuamua nini kitokee: lori liko wapi, barabara inapinda wapi, ukikanyaga breki litasimama baada ya umbali gani. Mzigo wetu ulikuwa mzima. Injini ndiyo iliyokuwa ya zama nyingine. Kwenye mtandao nilikuta watu wa nchi nyingi wanaofanya kazi hiyohiyo kwa michezo waliyoipenda utotoni, wanaisoma faili moja baada ya nyingine mpaka wajue kila tarakimu ina kazi gani. Mchezo wetu hakuna aliyeugusa. Inawezekana haukupendwa na yeyote isipokuwa wauza vitenge na viatu wa Kamembe.

Mlima wa kwanza ulipotokea kwenye skrini ulikuwa juu chini. Maman alipita nyuma yangu na kikombe chake, akainamisha kichwa.

"Batu ba huko banatembea na vichwa?"

Nikageuza mlima. Lori likatokea, likiwa la kijani badala ya jekundu. Nikarekebisha rangi. Lori likazama kwenye daraja kama daraja ni supu. Nikarekebisha daraja. Wiki zilienda hivyo, na tumbo la binti wa Kigali lilikuwa likikua pia. Maman alituletea habari zake kila Jumatatu.

Siku nilipoona kila kitu kiko sawa, niliwaita. Wakakaa kwenye benchi kama zamani. Mama akasema bismillahi, Maman akajifanyia ishara ya msalaba, lori likaondoka. Likavuka daraja na kabla mama hajafumbua mdomo likawa bondeni.

"Weh!" Maman alisema. "Hii lori imekunywa nini?"

Wakajaribu tena. Bondeni. Tena. Kaka yangu, aliyekuwa kwenye chai yake, akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Na muzigo ku mugongo? Hiyo hapana lori. Hiyo ni pikipiki."

Nilirudi kwenye programu ya zamani na kusoma tena kasi iliyoandikwa na waundaji. Sikuwa nimekosea. Kasi ilikuwa ileile. Ndipo nilipoelewa kwamba kompyuta ya mama ilikuwa dhaifu kwa mchezo ule tangu siku ya kwanza. Haikuwahi kuufikia mwendo uliokusudiwa. Kila hatua ya lori ilichelewa, na ule uchelewaji ndio sisi tuliujua kama lori.

Niliwaeleza hivyo kwa fahari kidogo. "Huu ndio mchezo wenyewe. Ule mwingine ulikuwa mgonjwa. Miaka yote mmecheza mchezo mgonjwa."

Mama akanitazama. "Basi turudishie mugonjwa wetu."

Nilibisha mchana mzima. Niliuliza, kama nitabadilisha kasi kwa sababu hatukuipenda, kesho si nitabadilisha na mlima? Mama alijibu kwamba mlima haujamkosea mtu. Lakini nilipowatazama wakijaribu mara nyingine niliona kitu ambacho hakimo kwenye faili yoyote. Kwa kasi ya waundaji, hapakuwa na nafasi ya kusema "Kona, Maman" na kujibiwa. Mtu mmoja hahitaji nafasi hiyo; mkono wake wa kushoto haujadiliani na wa kulia. Wao walikuwa wamekaa kimya, wamekaza macho kwenye skrini, na Maman hakuwa amemtukana mtu tangu daraja.

Nikakubali kupunguza. Lakini nipunguze mpaka wapi? Kompyuta iliyojua ilikuwa imeoza. Niliwauliza lori lilikuwa linaenda mwendo gani, Maman akasema, "Ya kawaida." Mama akasema, "Ya kukunja kitenge."

Nilidhani anatania. Kumbe baada ya daraja kulikuwa na barabara ndefu iliyonyooka, usukani hauna kazi. Mama alikuwa akiondoa mikono, anachukua kitenge kilichoachwa na mteja juu ya meza, anakikunja, anakiweka kwenye rundo, na mikono inarudi kwenye vitufe kona ikifika. Alifanya hivyo miaka yote bila kufikiri.

Basi nikampa kitenge, nikashika simu nipime muda. Alikikunja mbio kama anakimbizwa na forodha.

"Mama, kunja kama kawaida."

"Hii njo kawaida."

"Si kawaida. Unajua ninakuangalia."

"Sasa nikunje bila weye kuniangalia, weye utaona nini?"

Swali zuri, chuoni tungelijadili muhula mzima. Nikaacha kupima. Nikakaa pembeni na simu yangu, nikangoja mteja. Akaja mama mmoja kutoka Gitambi, akafunguliwa vitenge kimoja baada ya kingine, akavishika, akavinusa, akasema atarudi. Mama akamsindikiza kwa tabasamu, kisha akageuka na kuvikunja vyote kwa mwendo wake wa kweli, akinung'unika. Nikapima kwa siri muda wa kitenge kimoja, nikapata kasi yangu.

Waliporudi kwenye benchi, lori lilivuka daraja taratibu kama lina mzigo kweli. Mama akaondoa mikono, akakunja, akaweka, akarudisha. Kona ikafika.

"Kona, Maman."

"Nimeiona, mbona unapiga kelele?"

Maman akanishika shavu kwa mkono wenye harufu ya ngozi ya viatu. "Njo yenyewe," alisema.

Walicheza kila alasiri mpaka Jumamosi ya mwisho. Siku hiyo niliwaletea sambusa, kaka akaegesha lori lake upande wa pili wa barabara, na hata majirani walikuja kuangalia. Walipanda milima yote bila kosa hata moja. Walifika kwenye mlima wa mwisho, wakapanda, wakaifikia kona ya juu kabisa, na mimi nilikuwa nimesimama nimeshika kichwa. Lori likayumba, likapinduka, likaenda bondeni.

"Ni weye!" Maman alisema.

"Miye? Na hiyo breki ilikuwa kwa nani?"

"Ngojeni," nilisema, "bado ni kasi. Nipeni dakika chache niipunguze kidogo tena."

"Wacha," mama alisema, akifuta machozi ya kicheko. "Iko sawa."

Maman aliondoka Jumapili baada ya misa, na duka zima lilimsindikiza mpaka kwenye basi. Mimi peke yangu ndiye niliyerudi na huzuni ya mlima. Kwa miezi niliendelea kuifungua ile injini na kuchunguza kona ile: mteremko, breki, uzito wa mzigo. Sikupata kosa.

Mjukuu alikuwa anatembea tayari nilipokwenda kuwatembelea Kigali. Maman alikuwa akimlisha uji, nami nikamwambia kwamba bado naitafuta sababu ya lori kuanguka. Aliweka kijiko chini. Akaniambia kwamba mlima ule waliuvuka zamani sana, nikiwa bado sekondari, mchana mmoja wa mvua ambao hakuna mteja aliyekuja. Upande wa pili hapakuwa na barabara. Skrini iliandika pongezi kwa Kifaransa, muziki ukapigwa, mchezo ukajifunga, nao wakabaki wamekaa kwenye benchi bila la kufanya. Tangu siku hiyo walipokezana kuliangusha lori: leo mama anakata usukani kuelekea bondeni, kesho Maman anaachia breki.