Vyuma vya Kuanzia na Mafuta ya Kondoo

Nyumba ya mwanangu hapa Noonkopir iko na gereji, na hakuna gari limewahi kulala ndani. Aliijenga ng'ombe wakiwa hai. Aliona mtu wa ng'ombe wengi hawezi kukosa kununua pikapu. Ukame ukaja. Ng'ombe wakalala chini kule upande wa Kajiado na hawakuinuka, tukawachuna ngozi wengine bado wako na joto, na gereji ikabaki ya kuku wangu.

Siku moja akaja akasimama mlango wa jikoni, mtu mzima mwenye watoto, akaongea kama mtoto anayeomba ruhusa kwa mama yake.

"Yeyo, nataka kutengeneza mageti na madirisha. Kila mtu hapa anajenga. Nitaanzia kwa gereji."

"Na kwa nini unaniambia mimi?"

"Si wewe ni mtoto wa mhunzi?"

Kwetu jambo hilo halisemwi hivyo mchana. Nilizaliwa kwa wahunzi, watu wa kufua visu na mikuki. Wamaasai wengine walitaka visu vyetu lakini mikono yetu hawakuitaka. Mtu akipokea chuma kutoka kwetu alijipaka mafuta kiganjani kwanza, uchafu wetu usimshike. Baba ya watoto wangu alinioa hivyo hivyo. Watu wake wakameza, lakini kumeza si kusahau. Yeye sasa ni marehemu.

Nikamwangalia mwanangu. Ng'ombe hakuna. Shule hakumaliza. Alikuwa amebaki na mikono miwili, na hiyo ndiyo ingelisha watoto au isiwalishe. Nikamwambia sawa, lakini vyombo nitachagua mimi.

Tukaenda duka la vyuma karibu na barabara kuu. Mwenye duka ni Msomali, mtu wa mdomo mwepesi. Akanisalimia kwa Kimaasai, akaniita nyanya.

"Takwenya, koko!"

"Iko."

"Leo unataka jembe ama ndoo?"

"Nataka jiliwa."

Akacheka. "Koko, jiliwa la nini? Kijana anataka grainda na mashine ya kuchomelea. Wote huanza na hizo."

"Wote hushikilia chuma kwa mguu," nikamwambia.

Na ni kweli. Tembea barabarani utawaona. Mtu amevaa akala za tairi, amekanyaga bomba, anakata kwa grainda na moto unarukia katikati ya vidole vya mguu. Jiliwa ni mdomo wa chuma unaofungwa kwa meza, unaiuma kazi yako isitoroke. Baba yangu hakuwa nalo. Alikuwa na mimi. Mimi ndiye nilishika koleo, na alama za cheche bado ziko kwa mikono yangu.

La kwanza alilotoa lilikuwa limepakwa rangi nzuri ya buluu. Nikaligonga kwa nyundo. Likasema kama chungu kilichopasuka. Nikalisukuma pembeni. La pili lilikuwa baya kwa macho lakini lililia vizuri, nikachukua hilo. Kisha msumeno wa chuma, tupa ya meno makali na tupa laini, nyundo ambayo mpini wake hauchezi, na skwea ya kupimia pembe. Mtu wa kuanza ajifunze kukata pole pole kwanza. Mkono ukijua chuma, mashine haitaushangaza sana.

Nikageuka, nikakuta mwanangu ameinua grainda kubwa, ile ya kukata reli, na amevaa miwani ya jua ya kuuzwa pale kaunta. Anajiangalia kwa kioo cha dirisha.

"Rudisha vyote."

"Yeyo, fundi wote wanatumia miwani kama hii."

"Na wakifika umri wangu wanashikwa mkono kupelekwa choo. Rudisha."

Tukachukua grainda ndogo. Mwenye duka akainama akaninong'oneza kama mtu wa siri: "Koko, ndogo unaitoa hiki kifuniko, unaweka diski kubwa. Inafanya kazi mbili."

"Na daktari anafanya ya tatu. Kifuniko kikae."

"Wallahi, kijana, mama yako ni askari!"

Nikaongeza kinyago cha uso chenye kioo cheusi, aproni, viatu vigumu, na glavu za ngozi. Mashine ya kuchomelea tulichagua mwisho, ndogo, ya kutosha dirisha na mlango. Tukarudi. Nikatoa kuku. Mwanangu akafunga jiliwa kwa meza ya mbao nzito, akalitikisa, halikutikisika. Siku hiyo nilimwona akicheka. Sikuwa nimeona hiyo tangu ng'ombe.

Kisha akaja wifi yangu kutoka Kajiado.

Huyu ni dada mkubwa wa marehemu. Kwa upande wa baba hakuna mwingine aliyebaki wa kumbariki mwanangu, na kazi mpya bila baraka haianzwi. Mimi mwenyewe nilisema aitwe. Alikuja na chupa ya mafuta ya kondoo, na mafuta ya kondoo ndiyo ya baraka, hapo sina neno. Nilifikiri atampaka kijana kichwani.

Nilipotoka kuchota maji nikamkuta ndani ya gereji. Ameshapaka vyombo vyote. Nyundo inang'aa. Meno ya jiliwa yanang'aa. Ule mpini wa kando wa grainda, wa kushikwa na mkono wa kushoto, unang'aa. Alikuwa ametia mkono ndani ya glavu anapaka ndani na nje, pole pole, kama anapaka mtoto.

"Wifi, hivyo ni vitu vya kushikwa. Futa."

"Nifute baraka?"

"Itateleza."

"Mke wetu," akasema, "mimi sipaki kwa sababu ya mashine. Napaka kwa sababu ya mkono uliochagua."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekwambia mvua imekataa. Mwanangu alikuwa amesimama pale. Nikamwambia achukue kitambaa na mafuta ya taa afute kila kitu.

Akaangalia chini. "Yeyo, nitafuta akienda."

Hakwenda. Kila asubuhi alivuta kiti akaketi mlango wa gereji kuangalia baraka yake ikifanya kazi, na kila asubuhi alipaka tena. Kufuta mafuta ya shangazi mbele ya macho yake ni kutemea baba yako kaburini. Mtoto wetu hafanyi hivyo, na nilimlea mimi, najua. Wifi alipoenda kanisani nilifuta nyundo, nikafuta jiliwa, nikafuta mpini. Glavu nilizisugua kwa sabuni ya unga mpaka vidole vikaniuma. Lakini ngozi ikishakunywa mafuta haitapiki. Kesho yake akapaka juu yake tena.

Asubuhi moja nilikuwa naanika nguo. Grainda ina sauti yake ikikata vizuri, sauti moja, ndefu. Nikasikia imekwama, ikaruka, ikalia juu. Wifi yangu ndiye alipiga kelele kwanza.

Diski iliuma chuma, mashine ikarusha, na mkono wa kushoto ukateleza kutoka kwa mpini ukaenda mbele. Jiliwa bado lilikuwa limeshika bomba. Kifuniko kilikuwa pale pale nilipokiacha. Vidole viwili vilienda, na cha tatu kimebaki kama kijiti, hakikunjiki. Glavu walimkatia hospitalini kwa makasi.

Tulikaa kwenye benchi mimi na wifi. Alimpenda huyu mtoto kuliko wake, na hilo ndilo linanizuia usiku na mchana kumchukia vizuri.

"Nilijua," akasema. "Chuma cha watu wenu kilikuwa kinataka kitu."

Nikampa glavu. Nilikuwa nimeibeba kwa karatasi. "Nusa."

Akanusa. Ilinuka damu na kondoo. Akairudisha kwa karatasi, akaikunja vizuri.

Mwanangu alijaribu. Kidonda kilipopona aliingia gereji, akawasha grainda, na nikaona mkono wa kushoto hauna vidole vya kufunga mpini. Akaizima mwenyewe. Sikumwambia aizime. Sasa ni askari wa usiku wa ghala moja huko Rongai, kazi ya rungu na tochi, na anakuja nyumbani mara chache. Watoto walitolewa ile shule ya karibu, karo haikulipika. Wanakula, lakini si kushiba. Akija, yule mdogo hushika mkono wa kulia tu. Hakuna aliyemfundisha.

Wifi alihamia hapa karibu. Anafuga mbuzi. Kila asubuhi analeta maziwa ya watoto, anaweka kibuyu nje ya mlango, anabisha, anaondoka kabla sijafungua. Hatujasalimiana tangu siku ile ya benchi. Nachukua kibuyu, naweka sufuria kwa moto, napikia watoto chai. Nikimaliza naosha kibuyu, na narudisha pale nje ya mlango.