Nyani Niliyemtundika Kwenye Kurasa za Mjukuu Wangu

Admin, jina langu lizike huko huko kwako. Mimi ni mzee wa miaka sabini na kitu, nimefiwa na mke, naishi Kibiti, na kurasa za kompyuta nilizozitengeneza kwa mkono wangu zinasomwa mpaka ng'ambo.

Haya, nimeshasema uongo, hata salamu sijamaliza. Aliyezitengeneza ni mjukuu wangu. Mimi darasa la nne lilinishinda, nikaenda zangu Nyamisati kukata boriti za mikoko. Mkono wangu umegusa ukurasa mmoja tu, na huo mmoja ndio unaoninyima usingizi.

Mjukuu wangu, nimwite Zuhura, ndiye ninayekaa naye. Yeye ananiita mume wangu, mimi namwita mke mvivu, si mnajua mambo ya babu na mjukuu. Anajitolea kwenye programu moja ya kompyuta ya bure, ya vikundi vya vijijini kuwekea kumbukumbu zao. Programu yenyewe haina mwenyewe. Watu wa nchi nyingi wanaijenga, kila mtu na ujuzi wake, kama sisi tunavyochimba kaburi, hakuna anayeuliza ujira. Zuhura kakabidhiwa kurasa za maelekezo ya Kiswahili. Mle ndani kuna maneno ya buluu, ukiyagusa yanakupeleka ukurasa mwingine. Mengi yalikuwa yamekufa: unagusa, unaambiwa ukurasa haupo. Kazi yake ni kuyafufua.

Akanipa na mimi kazi. "Mume wangu, badala ya kukaa unasema watu, shika simu hii. Gusa buluu zote, zilizokufa niambie."

Wallahi niliipenda kazi ile. Tangu shoka linishinde, hakuna aliyewahi kunituma kitu cha maana. Nikawa natangaza misiba: "Zuhura, huyu naye katutoka!" Anacheka, anafuta anwani ya zamani, anabandika mpya, anahifadhi. Nami namtazama vidole. Hakujua kama najifunza.

Sasa, nina mtani wangu, mzee wa Umwe, katibu wa kikundi cha wafuga nyuki. Anatumia programu hiyo hiyo, na kila akikwama ananipigia. "Wewe mla kambale, mwambie mkeo mashine imegoma tena!" Mimi na yeye hatuna kununiana. Alipofiwa na kaka yake nilishuka kwenye kaburi lililochimbwa, nikalala, nikasema sitoki mpaka nipewe jogoo. Waliokuwa wanalia wakacheka. Utani ndivyo ulivyo.

Siku moja Zuhura akaenda kuswali adhuhuri, kompyuta kaiacha wazi. Kwenye kioo kulikuwa na buluu iliyokufa, imeandikwa: "Ukikwama kabisa, gusa hapa." Nikasema moyoni, hii ni ya mtani wangu! Nikaweka anwani ya video niliyoiona kwenye simu, ya nyani anayeitwanga kompyuta ngumi, nikiinakili herufi moja moja. Pembeni nikaandika: "Jitazame." Nikahifadhi, nikatoka uani kucheka peke yangu. Zuhura aliporudi akadhani ile ameshaimaliza, akaendelea na nyingine.

Mimi nilidhani ukurasa wa Kiswahili ni wetu wa hapa, kama tangazo lililobandikwa ofisi ya kata, analiona anayepita. Kumbe ni mmoja kwa watu wote.

Aliyegusa wa kwanza hakuwa mtani. Ni mama mmoja wa visiwa vya huku huku kwenye delta ya mto wetu, katibu wa kikundi cha kupanda mikoko. Kumbukumbu zilimpotea kwenye kioo, akatafuta msaada. Akaandika ujumbe, Zuhura akanisomea: "Wanaume walisema kompyuta siiwezi. Nikabishana nao mpaka nikapewa. Leo maelekezo yenyewe yananiita nyani. Nimewarudishia kompyuta yao."

Siku hiyo hakuniita mume. Aliniita babu.

Wenzake wakampigia. Badiliko lina jina lake, nywila ni yake. Nilikuwa nimekaa pale pale nikimsikia. Wakamuuliza nani mwingine anagusa kompyuta hiyo. Akajibu, "Naishi na babu yangu tu, na yeye hata kuiwasha hajui."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikadakia kwa sauti ya kizee: "Eti mjukuu wangu, hiyo kompyuta inakula nini?"

Akacheka huku machozi yanamtoka. Nilijichukia, jamani. Ujinga ambao maisha yangu yote nimeuonea haya, siku hiyo nikajifunika nao kama shuka.

Wamemnyang'anya ruhusa ya kugusa kurasa. Asipoeleza ilivyokuwa kabla ya Ijumaa, kazi anapewa mwingine. Ameshamwandikia yule mama kuomba radhi, eti uzembe ni wake. Chakula ananipakulia mimi kwanza, kama kawaida. Simu bado kaniachia, anasema nisichoke kugusa. Kila nikifungua mdomo kusema, kinatoka kichekesho. Naogopa akijua hatanituma tena.

Ndugu wasomaji, nisemeni, nitukaneni, ila nielekezeni: neno la kwanza niseme lipi? Na yule mama wa kisiwani nimfuate, au sura yangu itamzidishia uchungu?

Na wewe mtani wa Umwe, najua umeshanitambua na unacheka. Cheka, ukimaliza unisikilize. Ulipokwenda Mafia kuoza binti yako, nani alikulindia mizinga akaumwa mpaka jicho likafumba? Hata asali ya kulamba hukunipa, nami sikudai. Leo nadai. Njoo Alhamisi, ukae karibu yangu wakati namwambia Zuhura. Wewe usiseme lolote. Ukiona naanza mzaha, nikanyage mguu.